Dalili na Hukumu

Kujua ni heshima ya mwanadamu, lakini kila ujuzi una deni lake. Ajuaye kisima kilipo ana deni kwa mwenye kiu, na ajuaye mwamba ulipo ana deni kwa nahodha. Katika vyuo vikuu vya siku hizi umezuka ujuzi mmoja ambao deni lake halijapimwa vya kutosha. Mwalimu wa hisabati aweza, kabla muhula haujafika nusu, kutaja kwa makisio yaliyo karibu sana na kweli majina ya wanafunzi watakaoanguka mwisho wa muhula. Zamani alilijua jambo hili kwa jicho na kwa uzoefu. Leo hulijua kwa jaribio la juma la kwanza, kwa daftari la mahudhurio, na kwa kompyuta inayokusanya alama za waliopo na kuzilinganisha na alama za waliopita. Insha hii haiulizi jinsi ya kujua. Inauliza hili: mtu akisha kujua kwamba mwenzake anaelekea kuanguka, ana wajibu gani kwake?

Yafaa tutazame kwanza kwa nini hisabati, kuliko masomo mengine, humfichua mapema mtu atakayeanguka. Sababu iko katika maumbile ya elimu yenyewe. Mwanafunzi wa historia aliyekosa kuuelewa utawala wa mfalme mmoja aweza bado kuuelewa utawala wa mfalme mwingine. Msomaji wa fasihi asiyependa utenzi aweza kuona raha katika riwaya. Hisabati haina huruma hiyo. Asiyemudu hesabu za sehemu hamudu aljebra, na asiyemudu aljebra huiona kalkulasi kama maandishi ya lugha asiyoijua. Ufa wa chini haukai chini: hupanda pamoja na ukuta. Wahenga waliotuonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta walinena kana kwamba wamekaa katika darasa hilo. Upungufu wa juma la pili huonekana tena juma la nne, na wa juma la nne huwa umekwisha kuzaa mwingine juma la nane. Ndiyo maana dalili huwahi kuonekana.

Na anguko lenyewe ni zito. Hisabati imesimama mlangoni pa uhandisi, uchumi, fizikia, takwimu na elimu ya kompyuta. Anayeanguka katika somo la mwaka wa kwanza hapotezi alama peke yake. Aweza kupoteza mwaka mzima, au kazi aliyoitamani tangu utoto, au ada iliyochangwa na ukoo. Na juu ya hayo yote aweza kuondoka na imani kwamba akili yake imewekewa mpaka, imani ambayo atawarithisha watoto wake siku watakapomletea daftari la hesabu awasaidie.

Wako wasemao kwamba ni afadhali kutomtambua mtu kabisa. Husema: mwanachuo ni mtu mzima, mwacheni apimwe na mtihani, kwa maana mtihani hauna chuki wala upendeleo, kumtia mtu alama ya udhaifu kabla hajashindwa ni kumdhulumu. Hoja hii ina sura ya heshima, na sehemu yake moja ni ya kweli, kama tutakavyoona. Lakini mtihani wa mwisho huja wakati wa dawa umekwisha kupita. Mwalimu aliyeona dalili juma la nne akanyamaza mpaka juma la kumi na tano hawezi kuuita ukimya wake heshima. Kunyamaza kwa ajuaye si sawa na kunyamaza kwa asiyejua. Tena utu uzima wa mwanachuo ni hoja ya kumwambia, wala si hoja ya kumficha. Mtoto ndiye anayefichwa habari zake mwenyewe.

Basi kutambua kunafaa. Lakini kunafaa kwa sharti, na sharti hilo waliliona watu wengi waliolishughulikia jambo hili kwa nia njema. Mwaka 2000 Engineering Council ya Uingereza ilichapisha taarifa juu ya udhaifu wa hisabati kwa wanafunzi waingiao vyuo vikuu. Ilipendekeza kwamba kila aanzaye shahada yenye kutegemea hisabati apewe jaribio la kupima misingi yake, na kwamba yule atakayeonekana kupungukiwa apatiwe msaada wa haraka na wenye kufaa. Tazama jinsi mambo mawili yalivyofungwa kwa kamba moja. Chuo Kikuu cha Coventry kilikuwa kimeanza majaribio ya namna hiyo tangu mwaka 1991, na baadaye vyuo vingi vya nchi ile vikafungua vyumba vya msaada wa hisabati, ambamo mwanafunzi huingia na swali lake akamkuta mtu wa kulitatua pamoja naye. Jaribio bila chumba hicho lingekuwa kengele ya moto katika mji usio na maji.

Kamba hiyo ikikatika, ujuzi ule ule hugeuka. Historia ina ushahidi wa zamani. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta njia ya kuwatambua watoto wasioweza kwenda sambamba na wenzao shuleni, ili wapewe mafunzo ya kuwafaa. Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa kipimo chao mwaka 1905. Binet hakuamini kwamba akili ni kiasi kilichokatwa tangu kuzaliwa kisichoongezeka. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1909 aliwapinga waziwazi waliofikiri hivyo, akaeleza mazoezi ya kuikuza akili ya mtoto aliyebaki nyuma. Alikufa mwaka 1911. Kipimo chake kilikwisha kuvuka bahari, na huko Marekani, katika mikono ya Henry Goddard na wengine wa rai yake, kikawa chombo cha kuwatenga watu na kuwahesabu wageni waliokuwa wakishuka melini kuwa wapungufu wa akili. Kipimo kilichotungwa kuwa dalili kilifanywa hukumu. Maswali yake yalikuwa yale yale kwa kiasi kikubwa; kilichobadilika ni nia ya muulizaji.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo hayo yalikwisha na watu wa kale. Mwaka 2015 mkuu wa Chuo Kikuu cha Mount St. Mary's, katika jimbo la Maryland huko Marekani, aliandaa maswali ya kuwauliza wanafunzi wapya. Wanafunzi waliambiwa kuwa maswali yangewasaidia kujijua. Shabaha iliyofichuliwa na gazeti la wanafunzi mwezi Januari 2016 ilikuwa nyingine: kuwatambua waliokuwa wakielekea kushindwa au kuondoka, na kuwashawishi kiasi cha ishirini au ishirini na watano waondoke kabla ya siku ya kuwahesabu wanafunzi, ili hesabu ya wanaobaki chuoni ionekane nzuri. Walimu walipinga, na orodha haikutumiwa kama ilivyokusudiwa. Mkuu yule alijiuzulu mwishoni mwa Februari 2016.

Linganisha orodha ile na orodha ya chumba cha msaada wa hisabati. Yawezekana kabisa majina yangekuwa yale yale, yamepatikana kwa maswali yale yale, na kwa usahihi ule ule. Moja ni ya kuwatafuta watu ili wafundishwe, nyingine ni ya kuwatafuta ili watupwe. Hakuna hesabu iwezayo kuonyesha tofauti ya orodha hizo mbili. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba kipimo chake ni kizuri kwa kuwa ni sahihi amejibu swali la hesabu tu. Swali la wema hajaligusa.

Hata usahihi wenyewe una mtego ndani yake, na mfano mdogo utauonyesha. Tuseme darasa lina wanafunzi 200, na kwamba 40 kati yao wataanguka. Mtabiri wa kwanza ni mvivu: anasema hapana atakayeanguka. Amekosea juu ya 40 na kupatia juu ya 160, yaani usahihi wake ni asilimia 80. Mtabiri wa pili ana bidii: anawataja 60 kuwa wamo hatarini. Kati ya hao 60, 30 wangeanguka kweli, na 30 wangefaulu wenyewe. Na kati ya 140 aliowaacha, 130 wanafaulu na 10 wanaanguka. Amepatia juu ya 30 na 130, jumla 160. Usahihi wake pia ni asilimia 80. Watabiri hawa wawili wamelingana mbele ya hesabu, lakini mmoja hakumfaa mtu yeyote, na mwingine amewafikia robo tatu ya wale waliohitaji kufikiwa.

Mfano huu unatufundisha kwamba kuna makosa ya aina mbili, nayo hayana uzito mmoja. Kumwita mgonjwa mtu aliye mzima ni kosa, na kumwita mzima mtu aliye mgonjwa ni kosa. Ikiwa kutajwa maana yake ni kualikwa kwenye mazoezi ya ziada, wale 30 waliotajwa bure wamepoteza saa chache, na yamkini wamepata faida. Lakini ikiwa kutajwa maana yake ni kuzuiwa kuingia kozi, au kudharauliwa, basi hao 30 wamedhulumiwa dhuluma ambayo haitagunduliwa kamwe, kwa maana mtu aliyezuiwa kujaribu hawezi kuonyesha kwamba angefaulu. Kuchagua lipi katika makosa hayo mawili tulivumilie zaidi ni kazi ya dhamiri. Hakuna kompyuta iwezayo kutuchagulia, na mwenye kuiachia amekwisha kuchagua bila kujua.

Tuje sasa kwenye jambo la ndani zaidi, nalo ni tofauti ya dalili na sababu. Katikati ya miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, kijana mmoja aliyekuwa akifundisha hisabati, Uri Treisman, alisumbuliwa na jambo hili: wanafunzi Weusi walio wengi walikuwa wakishindwa katika kalkulasi ya mwaka wa kwanza, na wanafunzi wenye asili ya Kichina walikuwa wakifanya vizuri. Aliwauliza walimu sababu. Walimwambia kuwa wanaoshindwa hawana bidii, au hawakuandaliwa vyema shuleni, au wazazi wao hawajali elimu, au ni maskini. Treisman hakutosheka. Alikwenda kuwatazama wanafunzi wenyewe, ishirini wa kundi hili na ishirini wa kundi lile, mahali walipokaa na saa walizosoma. Akaona kwamba majibu yale ya walimu hayakusimama. Wale walioshindwa walikuwa na bidii, na jamaa zao waliithamini elimu. Lakini walisoma peke yao. Kila mmoja alijifungia na kitabu chake, akitenga kabisa saa za kusoma na saa za kukaa na rafiki. Wale wengine walifanya mazoezi peke yao kwanza, kisha wakakutana, wakasahihishana, wakaulizana maswali ya mitihani iliyopita, na kila mmoja akajua amesimama wapi.

Kutokana na hayo Treisman na wenzake walianzisha karakana ya hisabati mwishoni mwa miaka hiyo. Hawakuwaita wanafunzi waje kutibiwa udhaifu. Waliwaita waje kushindana na maswali magumu kuliko ya darasani, wakiwa makundi makundi. Waliohudhuria walianza kufaulu vizuri, na matokeo yao yaliwashangaza waliokuwa wamezoea kuwaona wakianguka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kumbe hata kalkulasi ina chawa wake.

Fikiri kama kompyuta ya leo ingalikuwapo Berkeley mwaka ule. Ingalizisoma alama za miaka iliyopita, ikatambua kwamba weusi wa ngozi ni dalili ya kuanguka, na ikawapaka wanafunzi wale rangi ya hatari. Kwa hesabu isingekosea. Lakini isingalisema lolote juu ya upweke wa kusoma, ambao ndio uliokuwa na dawa. Wala huu si wasiwasi wa kubuni: mwaka 2021 waandishi wa habari wa Marekani walieleza jinsi baadhi ya vyuo vikuu vya nchi hiyo vilivyotumia programu zenye kuhesabu asili ya mwanafunzi miongoni mwa dalili zake, na jinsi katika baadhi ya vyuo hivyo wanafunzi Weusi walivyotiwa katika fungu la hatari mara nyingi zaidi kuliko Weupe. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini atakaye kuzuia nyumba isivuje hatupi mawe mawinguni. Hupanda darini akatafuta tundu.

Jambo hili latuhusu na sisi. Katika Tanzania, kwa mfano, Hisabati ni somo ambalo kwa miaka mingi watahiniwa walio wengi wameanguka katika mtihani wa kidato cha nne. Mwanafunzi anayefika chuo kikuu akiwa na alama hafifu ya hisabati yamkini ametoka katika shule iliyokuwa na mwalimu mmoja wa somo hilo kwa madarasa yote, au isiyokuwa naye kabisa kwa muhula mzima. Alama aliyokuja nayo ni habari ya shule yake kama ilivyo habari ya akili yake, na huenda ni zaidi habari ya shule. Kuisoma alama hiyo kama kipimo cha mtu ni kumtoza mwanafunzi deni la shule iliyomnyima.

Sasa twaweza kuitaja tofauti iliyo kubwa kati ya mtabiri na mwalimu. Mtabiri huona fahari utabiri wake unapotimia. Mwalimu mwema, akiwataja watu thelathini kuwa wamo hatarini, hufanya kazi usiku na mchana ili maneno yake yawe ya uwongo. Wakifaulu wote thelathini, kitabu cha takwimu kitaandika kwamba alikosea mara thelathini. Ni kosa la heshima kuliko usahihi wote. Kwa hiyo chuo kinachojisifu kwamba kila mwaka kinawajua wataoanguka na kila mwaka wanaanguka kweli, kimejishitaki kwa ulimi wake.

Lakini hapa pana hadhari. Anayedai kwamba ameokoa naye sharti apimwe. Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana, kilianza mwaka 2007 kutumia programu iliyowaonyesha wanafunzi rangi kama za taa za barabarani: kijani kwa aliye salama, manjano kwa wa mashaka, nyekundu kwa aliye hatarini. Baadaye ilitangazwa kwamba waliosoma kozi nyingi zenye taa hizo walibaki chuoni kuliko wenzao. Mwaka 2013 wakosoaji walionyesha kwamba huenda sababu na matokeo vimegeuzwa: aliyebaki chuoni muda mrefu ndiye aliyepata nafasi ya kusoma kozi nyingi zenye taa. Haikufuata kwamba taa zilikuwa bure. Ilifuata kwamba nia njema haimwondolei mtu wajibu wa kuhesabu sawasawa.

Kutokana na yote hayo naona masharti manne kwa mtu au chuo kinachotaka kuwatambua wanafunzi wake. La kwanza, jina lisiandikwe kabla msaada haujatayarishwa. La pili, mwenye jina awe wa kwanza kuambiwa, naye aambiwe kile anachopungukiwa, asiambiwe yeye ni nani. Kusema, "Kugawa sehemu kwa sehemu bado kunakushinda, njoo Jumanne tufanye mazoezi," ni kumpa mtu njia. Kusema, "Wewe umo katika kundi la watakaoanguka," ni kumpa ukuta. La tatu, katika kumshauri mtu mmoja mmoja zitazamwe dalili ambazo mwenyewe aweza kuzibadili, kama mazoezi na mahudhurio, na ziachwe zile asizoweza kuzibadili, kama ukoo na mahali alipozaliwa. Hizo zikiwa na maana, basi ni maana kwa chuo, kitazame kinawatendaje watu wa namna hiyo. La nne, alama ya hatari iwe na mwisho. Mtu akisha kupona asiitwe mgonjwa, na mwalimu wa mwaka wa pili asirithishwe orodha ya mwaka wa kwanza.

Litabaki swali gumu, nalo si haki kulikwepa: je, chuo kikiwaona sitini walio hatarini, na uwezo wake ni wa kuwasaidia ishirini tu? Wengine watasema wachaguliwe walio karibu na kufaulu, ili msaada usipotee. Wengine watasema wachaguliwe walio chini kabisa, kwa kuwa uhitaji wao ni mkubwa. Kila upande una haki yake, na sidhani kuna kanuni itakayoumaliza ugomvi huo. Hata hivyo, naona kwamba sitini katika mia mbili ni wengi mno kuitwa wagonjwa. Panapokuwa na idadi hiyo, yafaa mganga aache kuwapima watu na kuanza kuyapima maji wanayokunywa. Huenda mhadhara unakwenda mbio, huenda jaribio la kwanza linachelewa, huenda mlango wa mwalimu umefungwa. Kuwagawa wanafunzi mia mbili katika makundi ya watu watano watano, wajadiliane maswali magumu, hakuhitaji fedha nyingi, na kundi la namna hiyo halimchagui nani aokolewe.

Na kwa mwanachuo atakayeitwa siku moja na kuambiwa kwamba dalili zake si njema, neno moja. Ana haki ya kuuliza dalili hizo ni zipi, zimepatikana wapi, na ni msaada gani uliofuatana nazo. Akikuta kwamba hapana msaada, basi alichopewa ni hukumu iliyovaa nguo za dalili, na hana sababu ya kuiamini. Akikuta kwamba msaada upo, asione haya, na aende kabla ya juma kwisha; maana kwa wakati huo hakuna aliyeshindwa bado, wala yeye, wala mwalimu wake.